Mzamiaji Aliyealikwa

Doudja wa Bab El Oued alimjua Sheikh Mouhoub kwa kipara. Sura yake hakuijua vizuri, kwani miaka thelathini na tisa alikuwa akimtazama kutoka juu ya paa, na mtu anayetazamwa kutoka juu ya paa huonyesha utosi, mabega na ncha za viatu, basi. Wanaume na bendi hukaa chini uani. Wanawake hukaa juu, katikati ya kamba za kuanikia nguo. Ndivyo harusi za Algiers zilivyo, na Doudja hakuwahi kulalamika, ila aliwajua wanabendi wote kwa vichwa tu, kama mkulima anavyoyajua maboga yake.

Mpiga fidla alikuwa na kisogo kilichobonyea upande mmoja. Mpiga ganuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi, alianza na nywele za kutosha kujaza mto, zikamwacha kidogo kidogo bila kugombana naye. Mpiga dumbaki alivaa nywele za bandia, jambo lililokuwa siri kwa watu wote wa chini na kichekesho kwa watu wote wa juu. Na Sheikh Mouhoub mwenyewe, mwimbaji na mpiga mandola (kule mwimbaji wa shaabi, muziki wa mitaani wa Algiers, huitwa Sheikh, na masheikh wa msikitini wameshazoea), kipara chake kilianza kama sarafu, kikawa kisahani cha kahawa, na sasa kilikuwa sinia zima.

Doudja alianza kumsikia akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa anaanika shuka za mama yake, na uani kwa jirani kukawa na harusi. Mandola ikalia. Hilo ni gambusi lenye tumbo kubwa, na sauti yake ni ya mtu mzima aliyelia akamaliza, sasa anasimulia. Doudja alisimama na shuka mbichi begani mpaka ikakauka palepale begani. Mama yake akapanda juu na kandambili, akampiga nayo mbili za mgongo. Hakuzisikia. Huko ndiko kupenda muziki kulikomkuta, na hakukumwacha tena.

Akaolewa na Rabah, dereva wa lori la mchanga, mtu mpole. Watu walipomwambia Rabah kwamba mkewe anazamia harusi za watu ili asikilize bendi, alijibu kuwa afadhali mke anayefuata mandola kuliko mke anayefuata waganga, maana mandola haimwambii mtu achinje kuku mweusi.

Kazi ya Doudja ilikuwa kusugua wateja katika hamamu ya wanawake, na hamamu ndiko habari zote za harusi zinakopita zikiwa uchi. Mama wa bibi harusi akilala kifudifudi juu ya jiwe la moto, Doudja humuuliza taratibu, kama hana haja, "Na bendi, mama, mmemwita nani?" Akitajiwa mwingine, alimsugua kidogo akammwagia maji akamwachia. Akitajiwa Sheikh Mouhoub, mama yule alisuguliwa mpaka akang'aa kama sufuria ya shaba, na kabla hajavaa Doudja alishajua mtaa, siku na idadi ya ngazi za kupanda.

Siku yenyewe alifika amebeba sinia la makruti, vile vitafunio vya ngano na tende, limefunikwa kitambaa cheupe. Mwenye sinia haulizwi jina. Watu wa bibi harusi walidhani ni wa upande wa bwana harusi, na wa bwana harusi walidhani kinyume chake. Akifika juu ya paa alilificha sinia ubavuni, makruti yasije yakaliwa. Makruti yale aliyachovya asali upya kila mwaka. Yalikuwa yameshahudhuria harusi kumi na moja.

Aliona mengi. Harusi moja ilinyeshewa, wanawake wote wakakimbia chini, yeye akabaki peke yake na beseni kichwani, akasikiliza. Huko mtaa wa Belcourt aliwahi kutumbukia kwenye pipa la maji la watu, akatulia humo beti nne nzima, kwa sababu kutoka kungepiga kelele. Mara moja alikosea jengo, akakaa saa mbili kwenye sherehe ya tohara ya watu asiowajua huku bendi ikipiga jengo la pili. Akambusu mtoto aliyetahiriwa, akala, akasikiliza kupitia ukutani, akaondoka na shukrani.

Na alikuwa na kigelegele chake. Wanawake wote wanapiga vigelegele, lakini kigelegele cha Doudja kilikuwa kirefu, chenye kona tatu, na alikitoa mahali pamoja tu: pale Sheikh anaponyamazisha mandola kuvuta pumzi kabla ya ubeti wa mwisho. Sheikh hakuinua kichwa hata siku moja. Aliinua kidole kimoja tu. Kidole hicho Doudja alikihesabu kuwa ndicho kiinua mgongo chake.

Kigelegele hichohicho ndicho kilichomgombanisha na wifi yake.

Baya alikuwa dada wa Rabah, mke wa mwokaji mikate aitwaye Hamid. Rabah alipokufa, Hamid na Baya ndio waliomkalia Doudja kitako mpaka akaanza tena kula. Miaka miwili baadaye Hamid naye akafa. Siku ya tatu ya matanga nyumba imejaa, wasomaji wanasoma, Doudja yuko jikoni anaosha vikombe. Upepo ukaleta sauti ya fidla. Mtaa wa tatu kulikuwa na harusi, na fidla ile aliijua hata ikiwa na mafua. Akasema, "Sukari imekwisha, nakwenda kununua." Sukari ilikuwapo nusu gunia.

Alikaa dakika arobaini. Kule matangani wasomaji wakafika kituo, wakanyamaza wapumue, nyumba nzima ikawa na kimya kile cha kusikia mtu akimeza mate. Ndani ya kimya hicho kikaingia dirishani kigelegele kirefu, chenye kona tatu. Hakuna aliyetingishika. Kisha msomaji mkubwa, mzee kipofu, akainua uso akauliza, "Huyo si Doudja?"

Alirudi na nusu kilo ya sukari mkononi. Baya alimtazama asimwambie kitu. Kesho yake aliirudisha sukari kwa mkono wa jirani, na tangu hapo miaka saba ikapita bila wifi na wifi kusalimiana, wakaazi wa mitaa miwili inayopakana, wanaonunua samaki kwa mtu mmoja.

Basi asubuhi moja, Nefissa, anayekaa mlangoni mwa hamamu kupokea watu na kugawa taulo, alimwita Doudja.

"Shoga, njoo ukae."

"Nimelowa hivi, nitakaa wapi? Sema."

"Sheikh Mouhoub anakwenda Hija."

"Mungu amtakabalie. Ndiyo ya kuniita kutoka kwenye mgongo wa mtu?"

"Akirudi hapigi tena. Mandola anaitundika ukutani. Ametubu."

"Ametubu nini? Alikuwa mwizi?"

"Kamuulize yeye. Imebaki harusi moja tu, Ijumaa ya wiki ijayo, halafu basi."

"Wapi?"

Nefissa akaanza kukunja taulo zilizokwisha kukunjwa.

"Nefissa! Wapi?"

"Kwa wifi yako. Anamwoza mwanawe Toufik."

Doudja akakaa, na maji yake yote, juu ya taulo safi. Nefissa hakumgombeza, alijua hii ni habari ya kukalia.

"Nitazamia," alisema Doudja.

"Kwa Baya? Pale wanakujua mpaka kisigino. Paka wa pale anakujua."

"Nitavaa haiki. Lile shuka jeupe la marehemu mama, nijifunike mpaka macho."

"Shoga, Bab El Oued nzima wamebaki wawili wanaovaa haiki, na mmoja alizikwa mwezi uliopita. Watajua ni wewe au ni mzuka."

"Sasa nifanyeje?"

"Kaombe radhi."

"Miaka saba nimekaa na shingo yangu ngumu, leo niende nikainame kwa ajili ya mandola?"

"Watu wanainama kwa ajili ya mambo madogo kuliko hayo," alisema Nefissa. "Na ukweli ulikosa, hilo hata paka wa Baya anajua."

Siku nne kabla ya harusi, wanawake hukusanyika kwa mwenye shughuli kutengeneza vitamu, na desturi ni kwamba aliyetia mkono wake kwenye unga wa harusi hafukuzwi tena. Doudja aliingia bila sinia, maana siku hiyo makruti ya harusi kumi na moja yangekuwa matusi. Hakusalimu kwa makelele. Alipanda ngazi, akavua viatu, akaketi kwenye kona ya meza ile fupi, akakunja mikono ya gauni, akavuta bonge la unga akaanza kusukuma. Alijua akishaligusa, nusu ya kazi imekwisha.

Miti ya kusukumia ikasimama. Baya alikuwa upande wa pili, mikono imejaa lozi zilizosagwa mpaka viwikoni.

"Nani kamfungulia huyu?"

"Mlango ulikuwa wazi, wifi."

"Ulifunguliwa kwa ajili ya hewa."

"Basi nihesabu hewa."

Mwanamke mmoja akauma kitambaa asicheke.

"Umekuja na sukari?" aliuliza Baya.

Hapo walicheka wawili watatu, na hata Doudja aliona imempata mahali pake. Akaweka mti wa kusukumia.

"Sikuja na sukari. Baya, nilikosa. Nilikuja hapa nimejiandalia maneno njiani, sasa yamenikimbia. Hamid alinipa mikate mwaka mzima Rabah alipokufa, akaniambia deni ni la wateja, ndugu hana deni. Siku yake ya tatu nikamwacha kama mtu anayetoka sokoni. Sina la kujitetea. Nimeinamisha kichwa, kama unataka kukipiga kipige."

Maneno haya yalipokuwa yanatoka, Doudja mwenyewe alishangaa. Alikuwa amepanda ngazi zile kwa ajili ya mandola, kila ngazi na noti yake. Lakini alipolitaja jina la Hamid, alilia machozi ambayo hakuyapanga. Na machozi yasiyopangwa yanaambukiza. Baya akazunguka meza, akamkumbatia na lozi zake zote, akampaka mgongo mzima.

"Basi, wifi yangu, basi. Yamekwisha. Ijumaa utakaa mkono wangu wa kulia, karibu na bibi harusi. Ndipo mahali pa kaka yangu Rabah, na aliyebaki kwa niaba yake ni wewe. Hutainuka, hutashika hata kikombe. Watu wote wakuone."

Doudja akaacha kulia hapohapo.

"Lakini wifi, mimi mtu wa kazi. Nipangie huko juu ya paa, nikupokelee wageni."

"Juu ya paa?" Baya akacheka, anajifuta macho kwa kiwiko. "Juu ya paa wanakaa wazamiaji!"

Ijumaa ikafika. Zamani Sheikh Mouhoub aliimba mpaka muadhini wa alfajiri akamtoa uani. Siku hizi daktari alikuwa amemwekea masharti, kwa hiyo bendi ilianza baada ya alasiri na ilipaswa kumaliza kabla jua halijatua. Doudja alikuwa ameketi kulia kwa Baya, amevaa karako ya kuazima, koti na sketi ya mahameli iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu, amebanwa kifuani kama mkate ndani ya kopo. Chumba cha bibi harusi kilitazama barabarani. Bendi ilikuwa upande wa pili wa nyumba, uani. Na kama hiyo haitoshi, mpwa wa Baya alikuwa ameleta mashine ya muziki yenye spika mbili kubwa kama makabati, akaiweka hapohapo ndani, wasichana wacheze.

Kutoka uani ukuta ulipitisha dum, dum ya dumbaki tu. Doudja aliifuata kwa kidole gotini. Alijua sasa wako kwenye wimbo gani, ubeti wa ngapi. Ilikuwa kama kumtambua mtu kwa kikohozi.

Na juu ya paa, juu ya kichwa chake hasa, alisikia nyayo. Wazamiaji walikuwa wamejaa. Nefissa alikuwa kule. Alimwona mwenyewe akipita mlangoni na sinia limefunikwa, akapitiliza ngazi bila hata kugeuza shingo, kazi safi kabisa. Aliyemfundisha ni Doudja mwenyewe.

"Nakwenda kumsalimu mama yako mkubwa," alimwambia Baya.

"Kaa, ataletwa." Bibi kizee akaletwa, amebebwa kwenye kiti.

"Joto, wifi. Nikapunge upepo."

"Mleteeni pepeo!" Wakaletwa wasichana wawili na mapepeo, mmoja kila upande.

Bibi harusi alibadilisha nguo mara saba, na kila nguo shangazi wa heshima, yaani Doudja, alitakiwa kumshikia pindo mpaka kitini, kupigwa picha, kunyunyiziwa marashi ya maua ya mchungwa. Nguo ya nne ilikuwa na mkia wa urefu wa barabara. Doudja alitabasamu kwenye picha zote, na ukizitazama leo utadhani mtu yule anang'olewa jino. Ukweli aliuona waziwazi: akiwa mzamiaji alisikia harusi mia na zaidi, siku alipoalikwa, alifungwa.

Kwenye nguo ya sita, dumbaki ikanyamaza. Doudja akajua. Sheikh anapumzika, anakunywa kahawa, kisha anaingia kasida ile ndefu ya mwisho, ambayo huifungia kila harusi, na leo atafungia nayo maisha yake ya muziki.

"Wifi," alisema, "msalani."

Baya akamwachia njia.

Upande wa uani, nyumba ya Baya ilikuwa na jiko na msala, basi. Jikoni kulikuwa na wapishi wawili wasiotaka kuona mtu. Doudja akaingia msalani, akatia komeo, akatazama juu. Karibu na dari kulikuwa na kitundu cha hewa, ukubwa wa kitabu. Akageuza ndoo kifudifudi, akapandisha sketi ya ile karako ya watu mpaka kiunoni, akapanda.

Akawaona. Si kutoka juu. Ilikuwa ghorofa ya kwanza tu, na bendi ilikuwa imekaa imemwelekea kabisa. Wote walikuwa na nyuso. Mpiga fidla alikuwa na jicho moja la buluu. Mpiga ganuni alifanana na mtu aliyekuwa akimuuzia dengu. Na Sheikh Mouhoub alikuwa na masharubu! Masharubu makubwa, meupe, yamechanwa. Miaka thelathini na tisa na hakuna mtu aliyemwambia.

Sheikh akagusa mandola. Ulikuwa ule utangulizi wa mandola peke yake, wa kutafuta njia, kabla wengine hawajaingia. Doudja akaweka paji la uso kwenye ukuta. Kasida yenyewe ilikuwa ya mtu aliyelewa mapenzi akasahau njia ya kwao, si wimbo wa kuonea haya kuusikilizia chooni.

Mlango ukagongwa.

"Kuna mtu," alisema Doudja.

Ubeti wa kwanza. Mlango ukagongwa tena, na safari hii kulikuwa na foleni. Ubeti wa pili. Nje zikaanza sauti za chini, zile za watu wanaotaka kusikika.

"Ni shangazi wa heshima. Yumo tangu saa ile."

"Maskini. Ni tumbo?"

"Alikula nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama wa bibi harusi, mwanamke mwenye pua iliyokaa juu kama inanusa gesi. "Mimi nilimwona anakula makruti. Binti, wewe uliyakula? Usiyaguse tena!"

Harusi huwa na midomo mia, na neno kama hilo halihitaji miguu. Punde Doudja akasikia vishindo vya Baya, kisha kucha zake mlangoni.

"Wifi. Wifi, unaumwa?"

Doudja akapima maneno. Akisema ndiyo, makruti ya Baya yatakuwa yameua watu mpaka kesho asubuhi, na ukoo wa bibi harusi utasimulia miaka ishirini. Akisema hapana, itabidi aseme anafanya nini.

"Doudja! Mama wa bibi harusi anawaambia watu wajitapishe! Toka, au sema kitu."

Ubeti wa tatu ulikuwa unaanza. Doudja akainama kutoka juu ya ndoo mpaka mdomo ukafika kwenye tundu la ufunguo.

"Siumwi, wifi. Namsikiliza Sheikh."

Nyuma ya mlango spika za mpwa zilikuwa zinapiga jambo la kitoto.

"Kwa hiyo ulikuja kwa ajili yake," alisema Baya polepole. "Zile radhi mbele ya watu. Zilikuwa za mandola."

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Nilipopanda ngazi zilikuwa zote za mandola, sikufichi. Nilipofika kwa Hamid zikageuka. Sikupanga mimi, ziligeuka zenyewe. Sasa kama unataka nitoke nitoke, na kama unataka nisirudi hapa tena ni haki yako. Ila nisikudanganye nikiwa juu ya ndoo."

Alishuka kabisa. Akaweka mkono kwenye komeo. Nyuma yake, juu, Sheikh alikuwa ameingia mahali pale pa ubeti wa tatu ambapo fidla humfuata nyuma kama mbwa mwenye adabu, na Doudja hakupanda tena kuangalia. Alingoja kusikia viatu vya Baya vikiondoka.

"Fungua," alisema Baya.

Akafungua. Baya akaingia kwa ubavu, na karako yake na mikufu yake, msala ukawa umejaa. Akatia komeo, akageuka akapiga kelele kuelekea mlangoni: "Ni kisigino cha kiatu kimevunjika! Makruti ni mazima, kuleni! Mwenye haja apande kwa jirani!" Kisha akashusha sauti. "Sogea hapo. Sheikh huyu nimemleta mimi nyumbani kwangu, na tangu alasiri sijamsikia hata chafya. Nishike nisianguke."

Akapanda juu ya ndoo. Doudja akamkumbatia kiunoni kwa nyuma, shavu kwenye mgongo wa mahameli. Kutoka hapo hakuona kitu. Lakini alisikia, na sauti ilikuwa inaingia safi.

"Huyu ndiye?" alisema Baya. "Ana uso wa mlinzi wa benki."

"Mm."

"Na yule wa ngoma, nywele zake zimekaaje vile? Zimegeuka."

"Za bandia."

"Wacha! Hebu nimwone. Kweli za bandia! Na anajua kwamba tunajua?"

Doudja alikuwa mtu aliyewahi kumfunika mwanamke mdomo kwa shuka la kuanikwa huko Belcourt kwa kukohoa katikati ya ubeti. Kwenye mapaa yote ya Algiers alijulikana kwa neno moja, "Shhh!" Sasa akafungua kinywa, akakifunga. Alikuwa amemshika mama yule kiuno, ndani ya choo chake mwenyewe, katika harusi yake mwenyewe. Humwambii shhh mtu kama huyo.

Ubeti wa nne ukapita, na maoni ya Baya juu ya viatu vya mpiga ganuni. Wa tano, na swali: hivi wanakula kabla au baada? Kisha bendi ikaanza kupungua, chombo kimoja kimoja, fidla ikatoka, ganuni ikatoka, na Doudja akajua wakati umefika. Mandola itanyamaza, Sheikh atavuta pumzi, na baada ya pumzi hiyo ubeti wa mwisho, mara ya mwisho duniani. Kigelegele kilikuwa kimeshakaa kooni mwake, na kona zake tatu.

Mandola ikanyamaza.

"Unajua," alisema Baya, bila kugeuka, kwa sauti nyingine kabisa, "siku ile nilicheka."

"Siku gani?"

"Ya Hamid. Yule kipofu aliposema, 'Huyo si Doudja?' Nilicheka, wifi. Mjane wa siku tatu. Nikajifunika uso wakadhani nalia, ila dada yake Hamid aliona. Mpaka leo ananitazama kama mimi ndiye niliyemuua."

Mgongo wake ulikuwa unatetemeka. Doudja akakimeza kigelegele kikashuka kizima, kama kidonge bila maji.

"Sikuwa nimecheka tangu Hamid augue," Baya aliendelea. Chini uani Sheikh alikuwa ameanza ubeti wa mwisho, na wanaume wakaugulia "Allah!" kwa pamoja. "Nikasema moyoni, akirudi huyu mwehu na sukari yake tutajifungia mahali tucheke mpaka tukome. Ukarudi. Ukakaa na sura ndefu kama msiba umeununua wewe. Nikakungoja unitazame, hukunitazama. Nikaona nimecheka peke yangu matangani kwa mume wangu. Hilo ndilo nililokukasirikia. Kigelegele chako ni upuuzi tu, kila mtu amekuzoea."

"Nilikuwa naona haya, Baya."

"Miaka saba?"

"Shingo yangu unaijua."

"Naijua. Na yangu?"

"Yako ni ya chuma."

Baya akashuka kutoka kwenye ndoo, wanja umemtiririka mpaka mashavuni. Wakatazamana kwa karibu, hakukuwa na nafasi ya kutazamana kwa mbali. Wa kwanza kucheka alikuwa Baya, kwa pua, kama chupa inayofunguliwa. Doudja akamfuata. Walicheka wakishikiliana kwenye sinki, wanafuta pua kwa mikono ya mahameli, wananyamaza, wanatazamana, wanaanza tena. Nje mlango ulipigwa ngumi. Uani makofi yalikuwa yanashuka kama mvua, na juu ya paa wazamiaji wote walikuwa wanapiga vigelegele kwa pamoja.

Baya akainua kichwa akasikiliza.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Na ule mwisho ulikuwa mzuri? Maana nasikia watu husafiri kwa ajili ya huo."

"Ulikuwa mzuri," alisema Doudja, ambaye hakusikia hata neno moja.

"Basi jipanguse, tutoke," alisema Baya akishika komeo. "Watu wana haja zao."